Hata Baba

Maneno yenyewe ni mawili tu, na niliyaandika mimi. Watu wa ukoo wakiizungumza habari hii husema ilikuwa sheria ya dada yangu. Sheria ilikuwa yake, kweli, lakini yale maneno mawili ya mwisho, ambayo ndiyo yaliyotuponza, ni yangu.

Dada ni dobi kwenye hoteli. Si dobi wa beseni na kamba. Yeye ni wa zile mashine kubwa zinazomeza mashuka arobaini kwa mpigo, na pasi ya mvuke ndefu kama kitanda. Siku zile zamu yake ilianza saa sita mchana na kuisha saa mbili usiku, na simu zao ziliachwa kabatini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tangu mwenzao mmoja aunguze shuka akibembelezana na mchumba. Mimi ni msusi. Saluni ninayofanyia kazi iko mitaa miwili tu kutoka kwake. Watoto walikuwa wakirudi shule saa saba, wakijifungia ndani, nami nikipita saa kumi na moja jioni kuwapikia na kukaa nao mpaka mama yao arudi.

Watoto ni wawili, wote wa kike. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, na tulimwita Hakimu, kwa sababu tangu alipoanza kusema hakukubali neno bila ushahidi. Ukimwambia lala, anauliza ni saa ngapi, kisha anakwenda kuangalia saa mwenyewe. Mdogo alikuwa na mitano, jina lake la nyumbani Chiriku. Huyo alikuwa anaongea hata akinywa maji.

Baba yao, shemeji yangu, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa mtu mwema, lakini mtu wa leo yupo kesho hayupo. Yeye na dada walikuwa wameachana mwaka mmoja na nusu kabla ya haya ninayoyasimulia. Hakukuwa na ngumi wala mwanamke mwingine. Walichoshana tu, wakafika mahali ambapo hata salamu ilikuwa ugomvi. Kisha siku moja ya likizo akaja mchana, mama yao akiwa kazini, akawapakia watoto kwenye lori akaenda nao safari ya siku mbili. Alidhani anawafurahisha. Hakumwambia mtu. Simu yake ikazimika njiani. Zile siku mbili dada alizunguka vituo vya polisi na hospitali akiwa na picha ya watoto mkononi, na kandambili za rangi tofauti miguuni. Waliporudi, wamechomwa na jua na wamejaa hadithi, yeye shemeji alikuwa anacheka. Alipouona uso wa dada akaacha.

Jumapili iliyofuata ndipo dada alipoziandika sheria. Alichana karatasi ya kalenda, akaigeuza upande mweupe, akatuita wote mezani.

"Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe," alisema. Hilo ndilo lililokuwa neno lake siku zote. "Mimi nimeshalia vya kutosha. Sasa tunaandika."

Ya kwanza, viatu vinavuliwa mlangoni. Ya pili, kazi ya shule kabla ya televisheni. Ya tatu, jiko haliguswi mpaka mama mdogo afike, na mama mdogo ni mimi. Hakimu alidai apewe nafasi ya kuweka moja ya watoto, akapewa: mama haruhusiwi kupiga kelele kabla ya kuuliza kilichotokea. Tulicheka mpaka dada akafuta machozi. Hiyo ikawa ya tano. Ya nne ilikuwa ya mlango: Mlango haufunguliwi kwa mtu yeyote ila mama na mama mdogo.

"Je, akija baba?" Hakimu aliuliza.

Nilimwona dada anatafuta maneno ambayo hayatamuumiza mtoto. Mimi nilikuwa na hasira ya zile siku mbili, hasira ya kumwona dada yangu anatembea kama mwehu barabarani. Nikachukua kalamu nyekundu ya Hakimu, nikaongeza mwishoni mwa mstari: hata baba. Nikapiga na mstari chini yake.

Dada aliisoma, akaibandika kwenye mlango wa friji.

Shemeji aliambiwa. Akakubali kuwaona watoto Jumamosi, mama yao akiwapo. Alikuja Jumamosi moja, akakosa tatu, akaja tena. Ndivyo alivyokuwa.

Miezi minane ikapita hivyo.

Siku ya siku ilikuwa Jumatano. Yaliyotokea nimeyapata kwa Hakimu mwenyewe, na mengine kwa jirani wa mlango unaotazamana na wao, mama mmoja mtu mzima anayeshona mapazia. Hodi ilibishwa saa tisa na nusu hivi. Hakimu akasogea mlangoni, akauliza nani.

"Mimi baba yako."

Chiriku akatupa kalamu za rangi akakimbilia mlangoni. "Baba! Baba amekuja!" Akaanza kurukia komeo. Hakimu akamshika kiuno, akamrudisha nyuma.

"Shikamoo baba. Leo si Jumamosi."

"Marahaba. Najua si Jumamosi, mama. Nifungulie niwaone mara moja, halafu niondoke."

"Sheria ya nne inakataa."

"Inasemaje?"

Akaenda kwenye friji akaisoma neno kwa neno, kwa sauti, kama anasoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye yale maneno mawili aliyasoma vilevile kama mengine. Nyuma ya mlango shemeji akacheka, akasema, "Basi nimeshindwa kesi."

Jirani alikuwa ametoka kwa kusikia sauti. Alimkuta shemeji amejiegemeza ukutani, kakonda, shati limelegea shingoni. Shemeji akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni moyo. Amepewa nafasi ya kupasuliwa kesho asubuhi, na jioni ile ile saa kumi na mbili anatakiwa awe wodini. Amempigia mama watoto mara mbili, simu inaita tu. Alitaka kuwaona kabla.

Jirani akagonga mlango. "Hakimu, mwanangu, fungua. Mimi nipo hapa na baba yako, nitakaa hapa hapa."

"Samahani bibi. Wewe pia hupo kwenye karatasi."

"Mtoto huyu! Ni baba yako!"

"Mwache, mama," shemeji akamwambia jirani. "Amefunzwa vizuri. Mimi ndiye niliyefanya sheria hii iandikwe." Akashusha sauti. "Na tafadhali usiwaambie habari ya hospitali, utawatisha."

Jirani akamwambia angoje, mama mdogo huwa anafika saa kumi na moja. Akamtolea kiti cha cherehani yake, lakini shemeji akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango. Akawapigia hadithi binti zake kupitia ubao. Aliwaambia habari ya ng'ombe aliyelala katikati ya barabara, malori kumi na moja yakamsubiri. Chiriku naye akamwambia habari za jino lake, za mwalimu wake, za paka wa dukani, zote kwa pumzi moja. Chini ya ule mlango kulikuwa na upenyo wa kutosha vidole. Alikuwa amebeba pakiti ya biskuti. Pakiti haikupita, basi akaifungua akawa anazisukuma moja moja.

Hakimu alikwenda kuangalia karatasi kwanza. Haikusema chochote kuhusu biskuti. Akala.

Baadaye Chiriku alilala kifudifudi akatoa vidole vyake nje, na baba yake akavishika. Hakimu anasema walikaa hivyo muda mrefu. Yeye hakutoa vyake. Aliona ni kama kudanganya.

Saa kumi na moja ikafika. Mimi sikufika.

Siku ile tulikuwa na bibi harusi. Alikuja na picha ya mtindo aliouona mahali, tukaufuma, akabadili mawazo, tukaufumua. Mikono yangu ilikuwa kichwani mwa mtu, nikajiambia watoto wamejifungia, wako salama, saa moja haitamuua mtu. Nilijiambia maneno hayo hayo.

Saa kumi na moja na nusu shemeji akasimama. Jirani anasema alisimama kwa awamu mbili, mkono mmoja ukutani.

"Hakimu."

"Naam baba."

"Umefanya vizuri. Usimfungulie mtu."

"Njoo Jumamosi," Hakimu akamwambia.

"Haya."

Nilifika saa moja kasoro, nikamkuta Hakimu ananisubiri nyuma ya mlango akiwa amevimba kwa fahari. Jirani alikuwa ameshatoka kupeleka mapazia ya mteja, kwa hiyo sikuonana naye. Mama yao aliporudi, Hakimu hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Mama! Baba alikuja na sikumfungulia! Aliomba, bibi jirani naye akaomba, nikakataa wote!"

Nitawaambia tulichofanya. Tulimpongeza. Dada alimkumbatia akamwinua juu, mtoto wa miaka kumi mwenye miguu mirefu. Mimi nilipiga makofi. Akaruhusiwa kukaa macho nusu saa zaidi ya siku zote, kama mtu aliyeshinda mtihani. Dada alitoa simu kwenye mkoba, akaona shemeji amepiga mara mbili. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Akasonya, akasema, "Leo si siku yake, na bado ana uso wa kunipigia? Angoje kesho." Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Kesho yake saa saba na nusu mchana dada aliitwa ofisini kwa msimamizi, kwenye simu ya hoteli. Alikuwa wifi yake, dada wa shemeji. Walimpasua asubuhi. Hakuamka.

Jirani alitujia siku ile ile, akalia mbele yetu sebuleni, akasema yote. Alidhani tunajua. Hakimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani na sare za shule, na hakuna aliyemwona mpaka jirani alipomaliza.

Hakuuliza kitu. Yule mtoto wa kwa nini, wa saa ngapi, wa ushahidi uko wapi. Alikwenda akakaa kitandani na viatu miguuni.

Mazishini Chiriku alilia mpaka akalala begani kwangu. Hakimu hakudondosha chozi. Shangazi zake walimzunguka, wakamwambia alie, lia mwanetu, upunguze. Akawajibu, "Asanteni," akawashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Dada alirudi kazini baada ya siku saba, maana mashuka hayangoji. Nami nikaapa kwamba saa kumi kamili nitakuwa nimetoka saluni hata aje malkia kusukwa. Siku ya tatu tulikutana na dada kwenye ngazi za jengo lao. Alikuwa ameomba kutoka mapema, kichwa kinamuuma. Tukapanda pamoja. Kutoka kwenye kona ya ukumbi tukauona mlango umefunguliwa wazi kabisa, umewekewa kiti usijifunge. Hakimu alikuwa amekaa sakafuni katikati ya mlango, anatazama ngazi. Chiriku hakuwapo.

"Mwenzako yuko wapi?" dada akauliza.

"Sijui. Alitoka."

Dada alishuka ngazi mbili mbili. Alimkuta Chiriku kule chini, ng'ambo ya barabara, amechuchumaa na yule paka wa dukani. Barabara ile inapitwa na magari makubwa. Alipanda naye mikononi, anahema, na alipofika mlangoni alimweka chini akamzaba Hakimu kofi.

Hakuwahi kumpiga mtoto kabla ya siku ile. Sauti ya lile kofi ilirudi ukutani. Jirani alifungua mlango wake, akatutazama, akaufunga taratibu.

"Unataka niwazike wote? Mlango wazi! Nimekufunza nini mimi?"

Hakimu alikuwa ameshika shavu. Alizungumza polepole, bila kulia. "Mtu akija tena na mlango umefungwa, nitachelewa kufungua."

Dada alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya ukumbi, na sare yake ya kazi. Mimi nikaona wakati umefika. Nilikuwa nimelibeba jambo lile tangu siku ya mazishi.

"Hakimu, nisikilize. Yale maneno kwenye karatasi, hata baba, hayakuwa ya mama yako. Mama yako hakuyaandika. Niliyaandika mimi. Kama kuna wa kulaumiwa..."

"Najua," akasema. "Nilikuwapo. Ulichukua kalamu yangu."

Nilikuja na ungamo langu kama zawadi, kumbe mwenzangu alikuwa nalo siku zote.

Dada naye akamvuta mkono akamketisha mbele yake. Alimwambia habari ambayo mtoto hakuijua: kwamba baba yake alipiga simu mara mbili mchana ule, kwamba yeye aliziona usiku, saa tatu kasoro robo, baba yake akiwa hai wodini, pengine yuko macho, na hakumpigia.

"Wewe hukumkatalia baba yako, mwanangu. Mimi ndiye niliyemkatalia. Wewe ulikaa naye saa mbili nzima. Ulimsikiliza. Mimi hata sauti yake sikuitaka."

"Kwa nini hukumpigia?"

"Nilikuwa na hasira."

Hakimu alilifikiria jambo hilo, kama alivyozoea kufikiria mambo.

"Mimi sikuwa na hasira naye, mama. Mimi nilitii tu."

Ndipo alipolia. Alilia kama vile mtu anavyotapika, kwa mwili mzima, na dada akamshika, na Chiriku akawarukia wote wawili bila kujua wanalilia nini hasa. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wa mboga mkononi. Sikuona nafasi ya kuingia.

Ile karatasi dada aliing'oa jioni ile akaichana. Baada ya hapo nyumba ile ikawa haina neno hapana. Dada aliomba zamu ya asubuhi akapewa, akawa anarudi mapema, lakini alikuwa anaogopa wanawe. Chiriku akitaka kulala na televisheni inawaka, sawa. Akikataa kuoga, sawa. Akipanda kwenye reli ya ngazi na kuteleza juu yake kama farasi, dada alikuwa anafungua mdomo, anaufunga. Nilimsema, akaniambia, "Kila nikitaka kumkataza kitu, naisikia sauti yangu inamkataza baba yake."

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Chiriku aliteleza kutoka kwenye ile reli akavunjika mkono, mfupa wa juu ya kifundo. Daktari aliyemfunga plasta, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliuliza imekuwaje, akasikiliza, akamwambia dada bila ukali, "Mama, mtoto wa umri huu hajui pa kuishia. Lazima mtu amwonyeshe." Dada akaitikia kwa kichwa. Nje ya chumba aliegemea ukuta wa kijani akalia. Nilimwacha alie. Baada ya muda alijipangusa kwa ukosi wa blauzi, akaenda kuchukua dawa.

Jumapili tukakaa tena mezani. Hatukuandika. Dada alisema kila jambo kwa mdomo, na sababu yake: kwenye reli ya ngazi hapandi mtu kwa sababu mifupa huvunjika, mlango unabaki na komeo kwa sababu barabara iko pale chini na si kila abishaye ana nia njema, na mtu yeyote wa familia akija wakati wowote, tunamwita jirani, tunapiga simu ya saluni, tunapiga ya hotelini, mpaka mkubwa apatikane. Sasa namba zote wanazo. Chiriku aliitikia kila kitu, anachora ua kwenye plasta yake. Dada akamgeukia mkubwa.

"Na wewe, unaonaje? Kuna la kuongeza? La kupunguza?"

"Nitatii," Hakimu akasema. "Lakini msiniulize kama nakubali."

Imepita miaka mitatu. Ni msichana wa miaka kumi na mitatu sasa, mrefu kuliko mimi, ana macho ya baba yake. Anarudi shule kwa wakati, anamsaidia mdogo wake hesabu, hajawahi kutuletea kesi. Wenzangu saluni wananiambia dada yako kabarikiwa, mtoto mtulivu namna hiyo. Naitikia. Na mama yake wanapatana. Nimewakuta mara mbili tatu wamelala kitanda kimoja mchana, migongo imegusana.

Mimi ndiye ambaye hajanirudia. Hanichukii, angenichukia ningejua pa kuanzia. Nikiingia anasimama, anapokea mfuko wangu, ananiuliza kama nitakunywa chai. Simwoni akinitazama usoni. Siku moja nilijipa moyo, tukiwa wawili jikoni, nikamwambia nisamehe mwanangu. Alikuwa anaosha sufuria. Alizima maji ili anisikie vizuri, maana ana adabu.

"Nimeshakusamehe mama mdogo," akasema. "Zamani."

Kisha akafungua maji tena, akaendelea kusugua mahali palepale, na mimi nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vyombo.